Shajara ya mradi: vipimo vya vinasaba katika uzalishaji wa kobe bapa, Dodoma

Aprili, mwishoni mwa mvua

Kuanzia mwezi huu shajara itaandikwa kwa utaratibu mpya, kwa sababu kituo kimeamua kubadili kipimo cha kazi yake. Hadi sasa tulikuwa tukihesabu mayai na watoto walioanguliwa, na kila msimu ulioleta watoto wengi tuliuita msimu mzuri. Swali tunaloanza nalo sasa ni jingine: watoto hao ni wa nani, na miongoni mwa kobe tuliowapokea kutoka porini ni wangapi ambao damu yao imeendelea hadi kizazi cha pili? Naandika mapema, ili nisije nikalainisha kauli baadaye, kwamba sitarajii jibu la kupendeza.

Kobe tunaowazungumzia ni kobe bapa, Malacochersus tornieri, ambao wengine huwaita kobe chapati. Ni spishi iliyoelezwa kisayansi na Siebenrock mwaka 1903. Gamba lake ni jepesi na linabonyea, kwa kuwa mifupa iliyo chini yake ina uwazi mkubwa, na urefu wake hauzidi sana sentimita 17. Anapotishwa hajikunyati ndani ya gamba kama kobe wengine, bali hukimbilia ufa wa jabali na kujikaza humo kwa miguu hadi kumtoa kukawa shida. Maumbile hayo yanamlinda, lakini pia yanamfunga mahali pamoja: anaishi pale tu penye nyufa zinazomtosha, katika vilima vya mawe vilivyotawanyika Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Zambia, na kati ya kilima kimoja na kingine hana pa kujificha. Kwa kawaida jike hutaga yai moja kwa wakati mmoja. Mwaka 2019 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilimworodhesha miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na mwaka huohuo nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubali kumhamishia Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini hairuhusiwi.

Kobe wetu wametoka sehemu tatu. Wapo waliokamatwa wakisafirishwa bila kibali. Wapo walioletwa na wananchi wanaopasua mawe ya kokoto, kazi ambayo imeongezeka sana tangu Dodoma ilipoanza kujengwa kama makao makuu kwa kweli na si kwa maandishi tu. Na wapo waliobaki katika mabanda ya mfugaji mmoja aliyekuwa akiuza nje, kabla serikali haijasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kumbukumbu za kundi hili la mwisho ndizo zinazonipa mashaka. Karibu kila kobe ameandikwa kuwa «wa kuzaliwa bandani», na hakuna hata ukurasa mmoja unaotaja mama yake.

Mei

Mwezi wa makaratasi. Utafiti wowote wa wanyamapori unahitaji idhini ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na kwa kuwa spishi iko Kiambatisho cha Kwanza, hata tone la damu likivuka mpaka linahesabiwa kama mnyama mwenyewe na linadai kibali chake. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuamua kwamba kazi yote inayoweza kufanyika nchini ifanyike nchini. Sababu nyingine ni kwamba anayechambua sampuli ndiye hatimaye anayeamua nani azae na nani, na uamuzi huo sipendi uje kwa barua pepe kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuliona banda letu.

Juni

Tumechukua sampuli kwa kobe wote wazima. Kwa kuwa wenzetu wa vituo vingine wameuliza namna tulivyofanya, naeleza kwa urefu.

Chembe nyekundu za damu ya reptilia zina kiini, tofauti na zetu sisi wanadamu, na kwa hiyo tone moja la damu ya kobe hutoa DNA nyingi kuliko kiasi hichohicho cha damu ya mtu. Hatukuwa na haja ya kujaza chupa. Ugumu uko kwenye kemikali za kuzuia damu isigande. EDTA, ambayo maabara za binadamu huitumia kila siku, huweza kupasua chembe za damu za kobe. Heparini haizipasui, lakini mabaki yake huvuruga kazi ya PCR, njia ya kuzidisha nakala za DNA maabarani. Anayehitaji kupima afya ya damu na vinasaba kwa pamoja lazima apange vizuri. Sisi tulihitaji vinasaba tu, kwa hiyo tone lilidondoshewa moja kwa moja kwenye karatasi maalumu ya kuhifadhia DNA, likaachwa likauke kivulini, kisha likafungwa katika bahasha yenye chembechembe za kufyonza unyevu. Kwa hewa kavu ya hapa, mwezi wa Juni, karatasi hukauka upesi, na umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Watoto wadogo hatukuwadunga sindano. Tulipitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, ambako seli hukwanguka bila kuumiza.

Mshipa wa shingo wa kobe bapa si rahisi kuupata. Mzee anayewatunza ndiye aliyeonesha namna ya kumshika: kobe anainamishwa kidogo, kidole gumba kikiwa chini ya kidevu, na mshikaji anasubiri bila kuvuta. Ukivuta, anavuta naye, na miguu yake ina nguvu isiyolingana na mwili wa nusu kilo. Ukisubiri, baada ya muda shingo inalegea yenyewe. Mzee huyo anamtambua kila kobe kwa miale ya rangi iliyo juu ya gamba na kwa makovu ya pembeni, na kila tulipokosea kusoma alama iliyochongwa kwenye ukingo wa gamba alitusahihisha kabla ya kufungua daftari lake la kaunta. Daftari hilo, kwa maoni yangu, lina thamani sawa na sampuli zenyewe. Matokeo ya maabara huonesha nani ni ndugu wa nani. Nani alikaa banda moja na nani, na mwaka gani, hilo linapatikana daftarini peke yake.

Julai

Maabara. Tumeanza na maikrosatelaiti, yaani sehemu fupi za DNA ambazo herufi zake hujirudia, mathalani GATA, GATA, GATA. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya mnyama na mnyama, na kila mmoja hubeba nakala mbili, moja ya mama na nyingine ya baba. Kobe mwenye marudio 11 na 14 atampa kila mtoto wake ama 11 ama 14. Ukilinganisha sehemu nyingi za namna hiyo kwa pamoja, mtu asiye mzazi hujitenga haraka. Watanzania wengi wanaujua upimaji huu kwa sababu ya mashauri ya ubaba yanayofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kila ninapoeleza mradi huu ofisini mtu hucheka kwamba sasa kobe nao wanadaiwa matunzo. Kimsingi hawajakosea.

Praima tulizotumia, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoshika kandokando ya sehemu inayopimwa ili inakiliwe, zilitengenezwa kwa ajili ya spishi nyingine za kobe, na baadhi hazikushika kabisa. Zilizoshika zilituletea tatizo la hila zaidi, ambalo linastahili kuandikwa kwa ukamilifu. Jike namba 7 alisomeka kuwa na marudio 14 peke yake katika sehemu mojawapo, kana kwamba nakala zake zote mbili zinafanana. Mtoto wake, ambaye yai lake lilichimbuliwa mbele ya mama huyo na kuandikwa siku hiyohiyo, alisomeka kuwa na 11 peke yake. Kwa hesabu ya kawaida mtoto huyo si wake. Kumbe nakala ya pili ya jike ina badiliko dogo mahali ambapo praima inapaswa kushika, na kwa hiyo haionekani kwenye chati. Mama ana 14 na nakala iliyojificha. Mtoto alirithi ile iliyojificha kutoka kwa mama, na 11 kutoka kwa baba. Laiti tungekuwa na chati tu bila daftari, tungemvua jike huyu umama wa watoto wake kadhaa na kumpa mwingine. Sehemu hiyo tumeiondoa kwenye uchambuzi. Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba kutolingana kwa sehemu moja hakumtoi mzazi yeyote. Anatolewa zikikataa sehemu zaidi ya moja, na baada ya sampuli kurudiwa.

Agosti

DNA ya mitokondria, vijisehemu vya seli vyenye DNA yao wenyewe, hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo haimtaji baba wala haisemi lolote kuhusu ndoa za mabandani, lakini inaeleza ukoo wa kale wa upande wa kike. Kobe wetu wamegawanyika katika makundi mawili yaliyo wazi. Kundi moja lina karibu wote walioletwa na wapasua mawe wa maeneo ya hapa jirani. Kundi la pili ni la waliokamatwa njiani, pamoja na baadhi ya wale wa mfugaji.

Wapo waliotaka niandike kwamba kundi la pili limetoka nje ya mkoa, au hata nje ya nchi. Sitaandika hivyo. Kusema kobe ametoka kilima fulani kunadai sampuli za kulinganishia kutoka kilima hicho na vingine vingi, na sampuli hizo hatuna bado. Tunachoweza kusema ni kwamba makundi haya mawili yasichanganywe kwa sasa. Kobe wa vilima vilivyotengana kwa muda mrefu wanaweza kuwa wamezoea mambo tofauti, na mseto wao ukirudishwa porini unaweza kuwa dhaifu pande zote mbili. Kwa upande mwingine, kuwatenga milele kwa hofu hiyo ni kukaribisha uzao wa ndugu ndani ya kila kundi, na hatari hiyo haihitaji kubahatishwa kwa kuwa inahesabika. Msimamo wangu ni kuweka mistari miwili ya uzalishaji, kupata sampuli za vilima vya Kondoa, Chamwino na Mpwapwa, kisha kuliangalia suala hili upya tukiwa na ushahidi.

Septemba

Matokeo ya uzazi yamekamilika, nayo ni mabaya kuliko nilivyotarajia. Katika kundi la hapa jirani, sehemu kubwa ya watoto wote waliowahi kuanguliwa kituoni ni wa dume mmoja, namba 3. Madume wengine waliokaa naye wamepata watoto wachache, na mmoja hana hata mtoto. Sababu yake si fumbo. Madume wa spishi hii hugombania majike, na namba 3 ni mkubwa na mkali. Kila tulipoona amempanda jike tuliandika kwa furaha kwamba uzalishaji unaendelea vizuri.

Hasara yake inapimika. Upo ukubwa wa kundi kwa hesabu ya vichwa, na upo ukubwa wake kwa hesabu ya urithi. Palipo na dume mmoja na majike 12, unazidisha nne kwa idadi ya madume na kwa idadi ya majike, kisha unagawanya kwa jumla yao: 48 kwa 13, yaani chini ya nne. Kobe 13 wanaokula mboga kila siku, kwa upande wa urithi, ni sawa na kobe wasiofika wanne. Kundi la ukubwa huo hupoteza takriban asilimia 13 ya utofauti wake wa vinasaba katika kila kizazi, ilhali kundi la 50 lingepoteza asilimia moja tu. Na watoto wa namba 3 wakizaana wao kwa wao, hata kama mama zao ni tofauti, mgawo wa uzao wa ndugu kwa wajukuu (yaani uwezekano wa kurithi nakala ileile moja kwa baba na kwa mama) ni 0.125; wakiwa wa baba mmoja na mama mmoja ni 0.25.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa kobe wakubwa wa kisiwa cha Española, katika visiwa vya Galápagos nchini Ekuador. Walibaki majike 12 na madume 2 kisiwani, akaongezwa dume wa tatu, Diego, kutoka San Diego nchini Marekani, na kutokana na hao 15 wakapatikana karibu kobe 2,000 waliorudishwa kisiwani kabla mpango haujafungwa mwaka 2020. Vipimo vya vinasaba vilionesha kwamba Diego alikuwa baba wa takriban asilimia 40 ya watoto, dume mwingine wa takriban 60, na wa tatu karibu hakuchangia kitu. Wengi huutumia mfano huu kusema kwamba waasisi wachache, yaani kobe wanaoanzisha kundi la uzazi, wanatosha. Mimi nausoma kinyume. Wale hawakuwa na chaguo, kwa kuwa hapakuwa na kobe wengine wa kisiwa kile. Sisi tunao madume wanaokaa bila kuzaa, na upungufu tulio nao tumeutengeneza kwa mikono yetu.

Jambo la pili lililojitokeza linamhusu jike namba 12. Alitengwa peke yake kwa matibabu, akaendelea kutaga mayai yenye uhai. Maelezo ya kawaida kwa kobe ni kwamba jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu na kuzitumia baadaye. Kwa reptilia, hata hivyo, haifai kudhani bila kupima: mwaka 2006 ilithibitishwa kwa vinasaba kwamba majike wa joka la Komodo (mjusi mkubwa) katika bustani za wanyama za London na Chester nchini Uingereza walitaga mayai yenye uhai bila mchango wa dume yeyote. Watoto wa namba 12 wana nakala ambazo mama yao hana, na zinalingana na za dume aliyekufa kabla mradi huu haujaanza. Dume huyo tulikwisha kumfuta kwenye orodha ya waasisi; amerudishwa. Watoto wake ndio walio adimu kuliko wote kituoni.

Jambo la tatu ni dogo lakini linabadili hesabu. Tulichukulia, kama inavyofanyika kwingi, kwamba waasisi waliotoka porini si ndugu. Kobe bapa hukaa wawili au zaidi katika ufa mmoja, na mpasua mawe anayeleta kobe watatu kutoka jabali moja huenda ameleta mama na watoto wake. Kwa baadhi ya walioletwa pamoja, vipimo vinaonesha hivyo hasa.

Oktoba

Tumepanga jozi mpya kwa wastani wa undugu. Kwa kila kobe tunahesabu ana undugu kiasi gani, kwa wastani, na kundi zima. Mwenye wastani mdogo ndiye anayepewa nafasi ya kwanza ya kuzaa, na mwenye wastani mkubwa hupumzishwa. Kisha tunahakikisha wanaooanishwa si ndugu wa karibu na wako katika mstari mmoja wa mitokondria. Namba 3 amepumzishwa, na pamoja naye majike wawili waliokuwa fahari ya kituo.

Mzee mtunzaji hakukubali kirahisi. «Daktari,» aliniambia, «huyu ndiye anayezaa. Ukimweka pembeni, mwakani wageni wakija tutawaonesha nini?» Nilimjibu, «Mzee wangu, tutawaonesha wachache, lakini hawatakuwa wote watoto wa mtu mmoja.» Hakucheka. Baadaye alileta hoja ambayo programu ya kompyuta haikuwa nayo: dume asiye na mtoto tuliyempangia jike namba 9 aliwahi kuumwa vibaya na jike huyo, na tangu hapo akimwona hujificha. Tumebadilisha. Jike mwingine mwenye wastani unaokaribiana naye yupo, na jozi nzuri kwenye karatasi isiyokaribiana ndani ya banda haitatupatia yai.

Tumeulizwa pia na wafadhili kama sampuli hizi zinaweza kutaja jinsia ya watoto mapema, kwa kuwa kwa macho inachukua miaka. Haziwezi. Kobe wengi wa nchi kavu hawana kromosomu za jinsia kama za binadamu. Joto la yai wakati wa kuatamia ndilo huamua, joto la chini likileta madume na la juu majike. Kwa hiyo suala hilo liko kwenye kiatamishi chetu, nalo ni zito, kwa sababu mayai yote tumekuwa tukiyaweka kwenye joto moja. Tumegawa kiatamishi katika sehemu mbili zenye joto tofauti, na kila yai litaandikwa lilikaa upande upi.

Novemba

Mabanda yamejengwa upya kabla ya mvua. Mawe bapa yamepangwa ili kila jozi iwe na zaidi ya ufa mmoja, kwa sababu dume aliyeshindwa lazima apate pa kukimbilia. Mahali pa kutagia pamewekwa udongo laini wenye kina cha kutosha, na kila yai litaandikwa kwa penseli namba ya mama, tarehe na banda. Yai lisiloanguliwa halitatupwa tena. Utando wa ndani na kiinitete kilichokufa vitahifadhiwa kwa ajili ya kupimwa, kwa maana tukihesabu walio hai tu hatutajua kama watoto wa ndugu wanafia yaini.

Ombi la sampuli za porini limewasilishwa. Tumeomba kijiti cha shavu tu, kobe aachwe kwenye ufa wake, na mahali alipopatikana pasitajwe katika taarifa yoyote ya wazi, kwa sababu orodha ya vilima vyenye kobe ni ramani ya bure kwa wanaowatorosha. Mikutano ya vijiji imeanza. Wapasua mawe ndio waliotangulia kuuliza kama watalipwa kwa kobe watakaowaleta. Jibu ni hapana, malipo ya namna hiyo yangewatoa kobe wengi majabalini kuliko baruti. Tumependekeza badala yake kwamba watakaokuwa waongozaji wa uchukuaji sampuli walipwe posho ya siku, na majabali yatakayothibitika kuwa na kobe yaachwe nje ya maeneo ya kupasua. Halmashauri moja imekubali kulijadili, nyingine bado haijajibu.

Namba 3 anakula vizuri katika banda lake la peke yake. Sampuli yake tumeihifadhi kwa nakala mbili katika majengo mawili tofauti.